Kufuata Maji: Maelezo kwa Mgeni wa Elgeyo-Marakwet

Watu wengi wa Kenya huijua Kaunti ya Elgeyo-Marakwet kwa jambo moja tu, nalo ni mbio. Wamesikia habari za Iten katika redio, wamewaona wakimbiaji waliofanya mazoezi huko wakivishwa medali, na maarifa yao huishia hapo. Lakini mtu akienda kukaa huko siku tatu au nne, akatembea kwa miguu na kuuliza maswali kwa adabu, ataona jambo jingine lililo kubwa vilevile. Ataona nchi ambayo sehemu yake kubwa huishi kwa maji yaliyoteremshwa na mikono ya watu, kutoka milimani hadi mashambani bondeni, kwa mifereji ambayo mingi yake ilichimbwa kabla ya Waingereza kuja kutawala.

Makala haya yanaeleza njia ya kuitembelea kaunti hiyo, mambo yanayofaa kutazamwa, na sababu ya mgeni kutakiwa kujua kanuni za mahali kabla ya kuweka mguu wake juu ya ukingo wa mfereji.

NGAZI TATU ZA NCHI

Elgeyo-Marakwet ni kaunti ndefu na nyembamba, iliyolala kutoka kusini hadi kaskazini kando ya Bonde la Ufa. Magharibi imepakana na Uasin Gishu na Trans Nzoia, kaskazini na Pokot Magharibi, na upande wa mashariki, kwa sehemu kubwa, mto Kerio ndio unaoitenga na Baringo. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 3,000, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 wakaazi wake walikuwa 454,480. Wakeiyo wanakaa zaidi upande wa kusini na Wamarakwet upande wa kaskazini, na wote wawili ni katika jamii ya Wakalenjin. Katika misitu ya milima ya Cherangani wako pia Wasengwer.

Ili kuielewa nchi hii, yafaa mtu aifikirie kama ngazi yenye vidato vitatu. Kidato cha juu ni nyanda za baridi, ambazo Wamarakwet huziita mosop. Huko kuna misitu, malisho ya kondoo na ng'ombe wa maziwa, na mashamba ya mahindi na viazi. Mji wa Iten wenyewe uko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Cherangani hupita mita 3,300. Kidato cha pili ni ukingo wa Bonde la Ufa, mteremko mkali wa mawe na vichaka ambao Wamarakwet huuita lagam. Kidato cha tatu ni bonde lenyewe, au keu, penye joto jingi, miti ya miiba, mbuzi na mizinga ya nyuki. Huko mvua ni chache.

Tangu zamani watu wengi walijenga nyumba zao katikati ya mteremko, mahali ambapo mgeni hudhani hapakaliki. Walikuwa na sababu nzuri. Bondeni palikuwa na mbu wa malaria, na tena adui wanyang'anyi wa mifugo waliweza kuja kwa urahisi. Mtu aliyekaa kwenye mteremko aliweza kumwona adui angali mbali, akalala mahali penye upepo mzuri, na asubuhi akashuka kulima bondeni. Lakini shamba la bondeni lisilo na maji halimfai mtu, na hapo ndipo habari ya mifereji inapoanzia.

SIKU YA KWANZA: ITEN

Mgeni atokaye Eldoret husafiri kama kilomita 35 kwa barabara ya lami hadi Iten, makao makuu ya kaunti. Siku ya kwanza asifanye haraka. Hewa ya huko juu ni nyepesi, na mtu aliyetoka Mombasa au Kisumu atajiona anahema akipanda kilima kidogo tu. Hilo si ugonjwa. Mwili hupata oksijeni kidogo kuliko ulivyozoea, na baada ya siku kadhaa huanza kuzidisha chembechembe nyekundu za damu zinazoichukua oksijeni hiyo. Hii ni mojawapo ya sababu zinazowaleta wakimbiaji wa nchi nyingi kufanya mazoezi Iten.

Hata hivyo, hewa peke yake haimfanyi mtu kuwa bingwa. Katika shule ya sekondari ya St. Patrick's, Iten, mtawa wa Kiayalandi, Brother Colm O'Connell, alifika mwaka 1976 kufundisha jiografia, akaanza pia kuwafundisha wanafunzi mbio. Peter Rono, aliyesoma katika shule hiyo, alishinda mbio za mita 1,500 katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Matthew Birir, naye wa shule hiyohiyo, alishinda mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992. David Rudisha, aliyefundishwa na Brother Colm, alikimbia mita 800 London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Kabla yake hapakuwa na mtu aliyewahi kukimbia umbali huo upesi namna hiyo.

Mgeni akiamka alfajiri ataona makundi ya wakimbiaji, wanaume kwa wanawake, wakipita katika barabara za udongo mwekundu. Mwenye kutaka kukimbia nao aombe ruhusa kwanza, tena asione haya wakimwacha nyuma. Asiyetaka kukimbia anaweza kutembea katika msitu wa Singore ulio karibu na mji, au kusimama kwenye ukingo wa bonde na kutazama chini. Katika miezi ya kiangazi, hasa Januari na Februari, kwenye ukingo huo huonekana watu wakiruka kwa miavuli mikubwa ya kitambaa na kuelea angani juu ya bonde kwa saa nyingi, wakibebwa na hewa ya joto ipandayo kutoka chini. Mchezo huo unahitaji mafunzo. Mgeni asiye na mafunzo asikubali kurushwa ila na mtu mwenye leseni.

KUSHUKA TAMBACH NA CHEBLOCH

Kutoka Iten barabara ya lami hushuka ukingo kwa kona nyingi kuelekea Kabarnet. Kituo cha kwanza cha maana ni Tambach, palipokuwa boma la wilaya wakati wa ukoloni. Mtu akiona mahali penyewe ataelewa kwa nini maofisa walipachagua: ni katikati ya mteremko, si baridi ya juu wala si joto la chini, kama walivyofanya wenyeji wenyewe kabla yao. Tambach ina jina pia katika habari za elimu. Daniel arap Moi, aliyekuwa Rais wa pili wa Kenya, alisomea ualimu huko katika miaka ya 1940.

Chini zaidi, baada ya soko la Biretwo, barabara huvuka mto Kerio kwenye daraja la Chebloch. Hapo mto umebanwa na kuta mbili za mwamba. Vijana wa mahali hapo hujirusha majini kutoka juu ya mwamba mbele ya wageni ili wapate zawadi. Mgeni asiwaige, kwa kuwa wao wamejua tangu utoto mahali penye kina na mahali penye jiwe, tena mto una mamba. Katika bonde hilohilo iko Hifadhi ya Rimoi, iliyotengwa mwaka 1983, ambako tembo hupita baina ya hifadhi hiyo na sehemu za Kamnarok ng'ambo ya mto.

Mgeni aliyefika hapa ameshuka ngazi yote kwa gari katika muda wa chini ya nusu siku. Lakini njia hii ya kusini haimwonyeshi vizuri jinsi maji yanavyoshuka ngazi hiyohiyo. Ili kuona hayo hana budi arudi juu, aelekee kaskazini hadi Kapsowar katika nchi ya Wamarakwet, kisha atafute mwongozaji wa kumshusha kwa miguu katika mteremko wa upande huo.

MFEREJI HUFANYWAJE

Mito kama Arror, Embomon na Embobut huanzia katika misitu ya Cherangani, ikashuka kwa kasi katika makorongo ya mteremko hadi ikaingia Kerio, na Kerio huelekea kaskazini hadi Ziwa Turkana. Maji hayo yakiachwa yafuate njia yake, hupita mbali na mashamba na kupotea. Wamarakwet wa zamani waliona kwamba wakiyakamata maji juu mtoni, ambapo bado yako mbali juu ya mashamba, wanaweza kuyapitisha kando ya mlima polepole hadi yakafika mahali wanapopataka.

Kazi huanzia kwenye banio, yaani mahali ambapo maji huzuiwa mtoni na kugeuzwa yaingie mferejini. Banio la kienyeji si ukuta wa saruji. Ni mawe makubwa, magogo, matawi, majani na udongo, vyote vimepangwa kwa ustadi. Mafuriko yakija hulichukua. Huenda mtu akadhani kwamba huo ni udhaifu, lakini kuna faida ndani yake. Banio likiondoka, maji ya gharika hubaki katika njia ya mto na hayaingii mferejini kwa nguvu na kuubomoa. Mafuriko yakipungua watu hukusanyika na kulijenga tena kwa vitu vilevile vilivyoko mtoni, bila ya kununua chochote.

Kutoka kwenye banio mfereji huzunguka kando ya mlima. Mahali penye udongo huchimbwa. Mahali penye mawe hujengwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila chokaa, na nyufa huzibwa kwa udongo na majani. Mahali ambapo mwamba umesimama wima, mafundi wa zamani walipitisha maji juu ya magogo yaliyochongwa katikati kama mtumbwi, yakashikiliwa na nguzo. Mteremko wa mfereji hauna budi kuwa wa kadiri. Ukiwa mkali, maji hula udongo na kuuharibu. Ukiwa mdogo mno, mchanga hutuama na kuuziba. Wazee hao walipata kadiri hiyo kwa kilomita nyingi pasipo kipimo cha kitaalamu. Wahenga walisema kweli, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mifereji mikuu ya namna hii ni makumi kadhaa, na kila mmoja hugawanyika kuwa midogo mingi kabla ya kufika mashambani. Bondeni maji hayo hunywesha mtama, wimbi na mahindi, pamoja na ndizi na maembe yanayouzwa katika masoko ya mbali. Wataalamu wa nchi nyingi wamekuja kuitazama mifereji hii, na mwanahistoria wa Kenya, Benjamin Kipkorir, pamoja na F. B. Welbourn, waliandika kitabu kuhusu Wamarakwet kilichotolewa mwaka 1973.

MWENYE MAJI NI NANI

Mgeni anayetazama mawe na magogo tu amekwisha kuona nusu ya kazi. Nusu ya pili haionekani kwa macho, nayo ni mapatano. Maji ya mfereji ni mali ya koo zilizouchimba na kuutunza. Kila ukoo una zamu yake, mchana au usiku, na ndani ya ukoo kila nyumba hupata sehemu ya zamu hiyo. Kwa hiyo si ajabu kumkuta mtu yuko shambani kwake usiku wa manane, ana tochi na jembe, akiyaelekeza maji kutoka mstari mmoja hadi mwingine, kwa kuwa zamu yake ikipita atangoja siku kadhaa.

Mambo ya mfereji huamuliwa katika kokwo, yaani baraza la wanaume wa mahali, linalokaa chini ya mti wake. Banio likibomoka, kokwo huwaita wanaume wote wenye nguvu waende kazini. Asiyekwenda bila udhuru hutozwa faini. Mtu akifungua maji yasiyo ya zamu yake ameiba, sawasawa na aliyeiba mbuzi, tena pengine wenzake humwona kuwa mbaya zaidi, kwa sababu mbuzi mmoja hulipwa, lakini mtama uliokauka hauwezi kufufuliwa. Shauri hilo husikilizwa mbele ya watu wote, na mkosaji hulipa.

Kwa desturi kazi ya mfereji ilikuwa ya wanaume peke yao, na wanawake hawakuruhusiwa kulikaribia banio. Nao wanawake ndio wanaofanya sehemu kubwa ya kazi ya shamba ambayo maji hayo huitumikia, na siku hizi wako wanaouliza kwa nini wasiwe na sauti katika kugawa zamu. Mgeni mwanamke anayetaka kuona banio aulize kwanza kwa mwongozaji. Mahali pengine ataruhusiwa, pengine ataombwa aishie njiani, na katika hali zote mbili yafaa afuate neno la wenyeji.

Zamani zetu hizi zimeleta mambo mapya. Baadhi ya mabanio na mifereji imetengenezwa kwa saruji na mabomba kwa msaada wa serikali na mashirika. Faida yake ni kwamba maji machache hupotea njiani. Lakini saruji ikipasuka panatakiwa fedha na fundi, hali mawe na matawi yakiondoka panatakiwa watu tu. Na watu wenyewe wamepungua mifereji, kwa sababu vijana wengi wako shuleni au wamekwenda mijini kutafuta kazi. Wazee wanaojua kila jiwe la mfereji hawaishi milele, na elimu yao haikuandikwa yote vitabuni.

MSITU ULIO JUU YA VYOTE

Mfereji hauumbi maji, huyachukua tu. Maji huzaliwa msituni. Milima ya Cherangani ni mojawapo ya vyanzo vitano vikubwa vya maji nchini, pamoja na Mlima Kenya, Aberdare, Mau na Mlima Elgon. Mvua inyeshayo upande wake wa magharibi huingia mto Nzoia na kwenda Ziwa Victoria, na ile ya upande wa mashariki na kaskazini huenda Turkana. Udongo wa msitu hunywa mvua kama sifongo na kuitoa polepole, na ndiyo sababu mto una maji hata mwezi ambao mvua hainyeshi. Miti ikikatwa, mvua hiyohiyo hushuka siku moja kwa kishindo, na baada ya wiki chache mto umekuwa mawe matupu.

Mtu mwenye miguu imara anaweza kupanda milima hii kwa siku moja au mbili, akapita katika mitarakwa na mianzi, akawasikia mbega, na huko juu kabisa akaona nyasi za baridi na mimea mikubwa ya lobelia. Lakini yafaa ajue kwamba msitu anaoufurahia una shauri zito ndani yake. Wasengwer husema kwamba msitu wa Embobut ni nchi ya mababu zao, na kwamba wao wameishi humo kwa asali, uwindaji na mifugo bila ya kuuharibu. Serikali husema kwamba msitu ni chanzo cha maji ya watu wengi, na kwamba umeharibiwa na wingi wa watu walioingia humo, pamoja na wengine waliohamia baada ya maporomoko ya ardhi kuharibu makao yao. Mwezi wa Januari 2014 askari wa misitu waliwaondoa wakaazi, na nyumba nyingi zikachomwa moto. Mwezi wa Januari 2018 Umoja wa Ulaya ulisimamisha fedha zake za mradi wa kuhifadhi maji baada ya Msengwer mmoja kupigwa risasi na kufa. Shauri hilo limefikishwa mahakamani zaidi ya mara moja. Pande zote mbili husema zinataka msitu uwepo. Ugomvi ni juu ya nani autunze, na kama mtu anaweza kuutunza akiwa anakaa ndani yake.

MTEREMKO UNAPOKASIRIKA

Nchi inayotoa maji kwa mteremko hutoa msiba pia kwa njia hiyohiyo. Mwezi wa Aprili 2020 mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliharibu soko la Chesegon, mpakani mwa Elgeyo-Marakwet na Pokot Magharibi, na watu wakafa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka katika sehemu za Chesongoch, Marakwet Mashariki. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha yao, na nyumba zilizokuwa kwenye mteremko zilifunikwa kwa matope na mawe watu wangali wamelala.

Mgeni atakayepita katika sehemu hizo ataona makovu marefu mekundu mlimani. Asiyafanye kuwa maonyesho, wala asiwaombe watu wasimame mbele yake apige picha. Makovu hayo yanamfundisha yale yale yaliyosemwa juu ya msitu, kwamba mahali penye mteremko mkali mti mmoja na jiwe moja vina kazi, na kwamba mashauri ya wapi pa kulima, wapi pa kujenga na wapi pa kuacha miti ni mashauri ya uhai wa watu.

SHAURI KWA MSAFIRI

Miezi mizuri ya safari ni Desemba hadi Machi, wakati njia zimekauka. Wakati wa mvua kubwa mtu asishuke mteremko kwa miguu wala asilale karibu na korongo. Achukue nguo za baridi kwa ajili ya juu, kofia na maji ya kunywa kwa ajili ya chini, na dawa za kujikinga na malaria kama atalala bondeni.

Jambo la usalama lisifichwe. Sehemu za kaskazini za bonde la Kerio zimeteswa kwa miaka mingi na wizi wa mifugo wa kutumia bunduki, na mwezi wa Februari 2023 serikali iliitaja Elgeyo-Marakwet miongoni mwa kaunti sita ambazo majeshi yalipelekwa kusaidia polisi. Sehemu za juu, kama Iten, ni mbali na mapambano hayo. Lakini kabla ya kushuka bonde la Marakwet, mgeni aulize kwa chifu au kituo cha polisi hali ya siku hiyo, na akiambiwa angoje, angoje.

Achukue mwongozaji wa kijiji kile kile anachokitembelea, wapatane malipo kabla ya kuanza safari, na fedha alipe kijijini. Anunue asali, maembe na chakula kwa wenyeji. Akikaribishwa mursik, maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti, ayapokee kwa mikono miwili, maana ndiyo maziwa wanayonyweshwa mabingwa wanaporudi nyumbani na ushindi.

Na akiwa mferejini akumbuke mambo machache. Asikanyage ukingo, kwa sababu udongo ukimeguka kidogo mchana, kufika usiku umekuwa tundu, na mwenye zamu ataamka akute shamba lake kavu. Asioge wala kufua ndani yake, kwa kuwa chini yake wako watu wanaochota. Asisogeze jiwe hata akiliona limekaa ovyo. Aliyeliweka alikuwa na sababu.

Wahenga husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kaunti kama hii inaweza kupona kwa wageni wake kama fedha wanazoziacha zitamfanya kijana aone kwamba kumfuata babu yake hadi kwenye banio ni kazi yenye faida, na kama yale waliyoyaona yatawafanya waulize, huko kwao, maji wanayokunywa hutoka msitu gani na nani anayeutunza. Mgeni asiyeuliza hayo atarudi na picha nzuri za bonde. Mwenye kuuliza ataelewa kwa nini watu wa huko, mvua ikichelewa, huinua macho kwanza kuutazama mlima.